Msitu wa kijiji, WMA au hifadhi ya bahari: ulinganisho kwa vijiji vya Lindi na Mtwara

Kijiji kinapoambiwa kitenge eneo la hifadhi, mara nyingi aina ya hifadhi huwa imeshachaguliwa na aliyekuja na gari la mradi. Mkutano mkuu unaitwa kukubali au kukataa, haupewi nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu. Sheria za Tanzania zina njia kadhaa za kuhifadhi, na kila njia inagawa mamlaka kivyake. Kijiji cha Kilwa, Liwale, Nachingwea au Nanyumbu kinaweza kukuta mezani msitu wa hifadhi wa kijiji, usimamizi wa pamoja wa msitu wa serikali, au jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, ile tunayoiita WMA. Walio pwani wanaongezewa hifadhi ya bahari na BMU, yaani kikundi cha wavuvi wa kijiji cha kusimamia uvuvi. Magofu nayo yana utaratibu wake.

Nimezipima zote kwa maswali manne: ardhi inabaki ya nani, nani anatoa kibali, fedha inapita mikononi mwa nani, na kijiji kikitaka kutoka kinatokaje. Miradi mingi huanza na swali la tatu kwa sababu ndilo linalopigiwa makofi. Mimi naanza na la kwanza, na nitasema mapema ninakoegemea: kijiji chenye msitu wake kianze na njia ya msitu wa kijiji kabla ya kusikiliza nyingine yoyote.

Haki yetu inasimama juu ya nini

Duniani kuna Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, na Tanzania ililipigia kura ya ndiyo. Linakataza kuwahamisha watu kwenye ardhi yao kwa nguvu, na linataka ridhaa iliyo huru, iliyotolewa mapema na kwa taarifa kamili. Afrika tuna maamuzi yetu wenyewe. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema Kenya iliwakosea Waendorois ilipowaondoa kando ya Ziwa Bogoria kwa ajili ya hifadhi. Na hapo Arusha, tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika iliwapa haki Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya. Inauma kuona kwamba mwaka mmoja tu baada ya uamuzi wa Bogoria, ziwa hilohilo liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia bila Waendorois kushirikishwa ipasavyo. Miongozo ya Urithi wa Dunia ilisubiri hadi 2019 kutamka wazi kwamba ridhaa ya watu wa asili ipatikane kabla eneo halijapendekezwa.

Lakini Mmwera wa Nyangao au Mmakonde wa Newala haingii kwa mlango huo. Nchini kwetu wanaojitambulisha kama watu wa asili ni hasa Wamasai, Wahadzabe, Wabarabaig na Waakie, na msimamo wa serikali ni kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa nchi hii. Wamwera, Wamakonde, Wamatumbi, Wangindo, Wamakua na Wayao wanaingia kwa mlango wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kwa maoni yangu mlango huu ni imara kuliko wengi wanavyodhani. Unatambua haki ya kimila kuwa sawa kihadhi na hati inayotolewa na serikali. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, lakini eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa Waziri. Kwa vyovyote vile, ardhi haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa: kiasi gani, kwa njia gani na lini.

Kusini tuna sababu ya kuyachukulia haya kwa uzito. Vita vya Majimaji vilianzia milima ya Matumbi mwaka 1905, na njaa iliyoletwa na Wajerumani kwa kuchoma mashamba na maghala iliacha sehemu kubwa ya nchi hii bila watu. Miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha maelfu ya Wangindo kutoka magharibi ya Liwale kwa sababu iliyotajwa kuwa malale, na ardhi yao ikaongezwa kwenye pori la Selous. Selous ikawa Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mgeni anayeiona leo anaambiwa ni pori lisiloguswa. Makaburi na miembe ya wazee wetu imo humo ndani.

Msitu wa kijiji na usimamizi wa pamoja

Njia hizi mbili zinatoka kwenye sheria moja, Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, na watu huzichanganya kwa sababu zote huitwa shirikishi. Tofauti yake ni kubwa.

Kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji, ardhi ni ya kijiji na inabaki ya kijiji. Mkutano mkuu unatenga eneo katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, unachagua Kamati ya Maliasili, unapitisha mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Baada ya hapo mnunuzi wa magogo anazungumza na kijiji. Kijiji ndicho kinachokusanya mrabaha na faini, na kinachoweza kushikilia mzigo uliovunwa kinyume cha utaratibu. Hakiwajibiki kupeleka mrabaha huo serikali kuu.

Kwenye usimamizi wa pamoja, msitu ni wa serikali kuu au wa halmashauri. Wanakijiji wanasaini makubaliano ya kusaidia ulinzi, nao wanapewa matumizi fulani: kuni zilizoanguka, uyoga, dawa, mizinga ya nyuki. Kwa miaka mingi swali la mgawo wa mapato halikuwa na jibu, na vijiji vingi vya nchi hii vililinda misitu ya serikali bila kuona senti ya maana. Msitu ukiwa wa hifadhi ya mazingira asilia kama ule wa uwanda wa Rondo, kukata mti hakupo kabisa, kwa hiyo hata mgawo wa mbao hauwezekani. Rondo inastahili ulinzi huo, kwa kuwa ina mimea na ndege ambao ni vigumu kuwapata kwingine. Ila kijiji kinachoambiwa kishirikiane kulinda Rondo kijue kwamba kinachopata ni maji, mvua, asali na matumizi madogo.

Mfano wa njia ya kwanza uko Kilwa, na unajulikana mbali. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko Kilwa Masoko, misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji kupata cheti hicho. Mnunuzi wa mpingo anayetengeneza zumari za Ulaya anataka kujua gogo limetoka wapi, na Kikole walikuwa na karatasi ya kumjibu. Vijiji vingine vikafuata, kikiwemo Nanjirinji A chenye msitu mkubwa kuliko wilaya nyingine zinavyoweza kuota. Fedha ya magogo imejenga madarasa na visima kwa uamuzi wa mkutano mkuu, na hilo la mwisho kwangu lina uzito kuliko majengo yenyewe. Mama aliyesimama mkutanoni akasema kisima kianze kabla ya ofisi ametumia haki ya umiliki, hata kama hajawahi kuisikia ikiitwa hivyo.

Nisiifiche gharama yake. Angai, wilayani Liwale, ni takriban hekta 139,000, na vijiji vyake vilianza safari hii mwaka 1993. Walisubiri zaidi ya miaka kumi. Kila hatua ilidai ramani, upimaji, muhuri wa wilaya, na njiani vijiji 13 vikagawanyika hadi kufikia 24, kwa hiyo mipaka ikabidi ichorwe upya. Kijiji kisicho na mfadhili wa kulipia upimaji wa miti kinaweza kukwama katikati. Na kamati isiyosomewa mapato na matumizi kila robo mwaka inaweza kuuibia msitu kwa ustadi kuliko mvamizi wa nje. Mpingo unahitaji miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa. Kamati mbovu ya miaka mitano inatosha kumaliza walichokilinda babu zetu.

Njia hii pia inamwachia mwanakijiji vitu ambavyo havimo kwenye hesabu ya mrabaha. Mpango wa usimamizi wanauandika wenyewe, kwa hiyo wanaweza kuandika kwamba kina mama wataendelea kuchimba ming'oko msimu wa njaa, kwamba eneo fulani ni la jando na halikatwi kitu, kwamba mti wa matambiko una njia yake ya kuufikia. Nimesoma mipango ambayo haikutaja lolote kati ya haya kwa sababu aliyeandika hakuuliza, na wenyeji wakadhani mambo hayo hayaandikwi kwenye karatasi za serikali. Yaandikeni. Lisiloandikwa kwenye mpango litakuja kuitwa uvamizi.

Kuna jambo moja la pwani linalowashangaza wengi: mikoko yote nchini ni msitu wa serikali. Kijiji cha Kilwa au cha mdomo wa Ruvuma hakiwezi kutangaza mikoko kuwa msitu wake, hata kama kimeipanda chenyewe. Hapo njia iliyopo ni usimamizi wa pamoja tu, na makubaliano yataje kwa maandishi nani anaruhusiwa kukata boriti za nyumba, kiasi gani, na kibali kinatoka wapi.

Jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori

WMA inakuja pale ambapo wanyama wenye thamani ya utalii au uwindaji wanapita kwenye ardhi ya vijiji. Liwale wana MAGINGO, inayopakana na Selous. Kisheria ardhi inabaki ya kijiji, na hapo WMA inafanana na msitu wa kijiji. Tofauti inaanza kwenye mamlaka. Vijiji kadhaa vinatoa ardhi yao kwa pamoja, vinaunda jumuiya moja, na jumuiya ndiyo inayopewa haki ya matumizi na serikali. Mwekezaji wa uwindaji au wa hoteli anasaini na jumuiya. Mkutano mkuu wa kijiji chako unabaki na wawakilishi wake ndani ya jumuiya hiyo, ukiwa mmoja kati ya vijiji vingi.

Fedha nayo inapitia ngazi zaidi. Serikali inachukua sehemu yake, na kanuni za awali ziliitaka jumuiya ipeleke walau asilimia 50 ya mapato yake kwa vijiji wanachama, walau 15 kuendeleza maliasili, na walau 25 kuimarisha jumuiya yenyewe. Asilimia 50 ikigawanywa kwa vijiji vyote inakuwa ndogo haraka sana. Kaskazini watalii ni wengi na mgawo unaonekana. Kusini barabara ni mbovu wakati wa masika, hoteli ni chache, na mapato yetu yametegemea zaidi uwindaji, ambao unapanda na kushuka kwa maamuzi yanayofanyika mbali na sisi.

Na tembo hawasubiri mgawo. Anayelima ufuta au mahindi kando ya pori analala shambani msimu mzima. Kanuni za 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Kwa aliyeuawa ziliweka shilingi milioni 1, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikuhesabiwa kabisa. Serikali inayaita malipo hayo ya faraja, yaani haikiri deni. Kijiji kinachojiunga na WMA kinaalika wanyama wengi zaidi karibu na mashamba yake, na sijaona kwa nini mkataba wa mwekezaji usiwe na kifungu cha mfuko wa kijiji wa kulipia mazao yaliyoliwa. Kama hakimo, msisaini.

Kutoka kwenye WMA ni kugumu. Msitu wa kijiji unabadilishwa kwa mkutano mkuu na wilaya. WMA imefungamana na vijiji vingine, na wizara, na mikataba ya miaka mingi. Kwa kijiji chenye ardhi finyu na vijana wengi wanaotafuta pa kupanda mikorosho, siishauri. Kwa kijiji chenye ardhi kubwa mpakani mwa Selous, ambako tembo watapita mtake msitake, inaweza kufaa, mradi msitu wenye mbao za thamani ubaki nje ya eneo la WMA ukiwa msitu wa kijiji. Vijiji vingi haviambiwi kwamba mpango wa matumizi ya ardhi unaweza kubeba vyote viwili sehemu tofauti.

Baharini

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mdomo wa Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari Na. 29 ya 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 650, na theluthi moja hivi ni nchi kavu yenye vijiji. Sheria yenyewe ni nzuri kwa maneno yake: inataka vijiji vishiriki kikamilifu kuandaa kanuni, kanda za matumizi na mpango wa usimamizi. Lakini mwenye hifadhi ni serikali kuu. Ikifika mahali mvuvi na askari wa hifadhi wanatofautiana kuhusu wavu, anayeamua hayupo kijijini.

Hifadhi ilikuja wakati baruti na makokoro vinamaliza miamba, na kuna samaki na kasa waliopona kwa sababu yake. Nalikubali hilo bila kusita. Lakini ndani ya mipaka hiyohiyo, Msimbati, kuna visima vya gesi vilivyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kuzalisha 2006. Mwenye mtumbwi anaambiwa bahari hii ni dhaifu mno kwa nyavu zake, huku bomba likipita. Hakuna semina ya uhifadhi itakayomfanya aione hiyo kuwa haki, wala mimi siioni.

BMU ni njia nyepesi. Inatoka kwenye Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, inasajiliwa kwa kila kijiji, na wavuvi wenyewe wanafanya doria, wanaandikisha vyombo na kutunga sheria ndogo. Songosongo wamefunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa kisha wakaifungua kwa pamoja, na kwa kuwa pweza hukua haraka, matokeo yanaonekana ndani ya msimu. Wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu wakati wa bamvua wanaweza kukaa kwenye kikao hicho na kusema mwamba upi ufungwe, kwa sababu wakikosea, wao ndio watakaolala njaa. Udhaifu wa BMU ni kwamba haina umiliki wa bahari. Mgawo wa mapato unategemea makubaliano na halmashauri, na boti kubwa ya kutoka nje haiogopi kikundi kisicho na mafuta ya doria.

Kijiji kilichoko nje ya hifadhi ya bahari kiimarishe BMU kabla hakijaombwa kuingia hifadhini. Kilichoko ndani hakina uchaguzi wa kutoka, ila kina haki ya kudai mpango wa usimamizi uletwe mkutanoni kwa Kiswahili kabla haujapitishwa upya.

Magofu

Kwa ufupi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya hatari 2004 na kutolewa 2014, baada ya ukarabati uliowafundisha na kuwaajiri mafundi wa hapohapo. Watu wanaishi pale, wanavua, wanazika, wanaswali. Mikindani ina nyumba za mawe za watu binafsi wanaouza na kurithisha. Kwa mwenyeji, Mikindani ina uhuru zaidi na fedha kidogo ya kukarabati, na Kilwa ina jina kubwa na masharti mazito ya ujenzi. Tendaguru, Lindi, hakuna cha kulinganisha: mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, na kubebwa vichwani na watu wetu hadi bandarini Lindi, inasimama kwenye jumba la makumbusho Berlin.

Kabla ya kupiga kura

Mnapochora mpango wa matumizi ya ardhi, wakumbukeni pia wafugaji. Waliotolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 kwa jina la kulinda maji walielekezwa Lindi, wakafika vijijini kwetu bila sisi kuulizwa, wala wao kuulizwa. Wengi wao bado wapo na watoto wao wamezaliwa hapa. Mpango usio na eneo la malisho na njia ya mifugo utahamishia ugomvi wa Usangu kwenye msitu wenu.

Kama amekuja mtu wa kaboni, anayetaka kununua hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu wenu, jueni kwamba kanuni za biashara hiyo ni za 2022 na mikataba yake huwa ya miongo. Kijiji kisicho na cheti cha ardhi ya kijiji hakina cha kuuza, na chenye cheti kisisaini kabla mwanasheria asiyelipwa na mnunuzi hajasoma mkataba.

Mkutano mkuu ni wa wote wenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo uitwe siku ambayo wanawake hawako shambani wala wavuvi hawako baharini. Muhtasari uandikwe kwa kalamu papo hapo na usomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka, ukitaja waliokataa na sababu zao. Ramani ibaki na nakala mbili kijijini, moja kwa mwenyekiti na nyingine kwa mtu ambaye si kiongozi.